Kipofu Aliyeona Goli Kabla ya Taifa

Nchi ninayotaka kuizungumzia si yenu, kwa hiyo kaeni kwa raha. Jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa, maana kwetu hakuna anayeogopa, na waliokuwa wanaogopa walishaagizwa waache. Ni kwamba jina lenyewe liliuzwa pamoja na haki za matangazo, na mtu akilitamka bila kulipia anaweza kuiletea familia yake usumbufu. Nitasema tu nchi yetu. Ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, na ina timu ya mpira wa miguu inayoitwa Kobe Stars, jina ililopewa kwa sifa yake ya uvumilivu.

Zamani, yaani kabla hatujaendelea, sisi watu wa Mtaa wa Gereji tulikuwa tunatazama mpira kishamba sana. Tulijazana kwenye kibanda umiza cha Bi Sikudhani. Kwa asiyekijua, kibanda umiza ni chumba cha mabati chenye televisheni moja, mabenchi ya mbao, na hewa ambayo imeshapita kwenye mapafu ya watu wengine. Unalipa kiingilio, unabanwa mbavu na mtu usiyemjua, na goli likiingia mtu huyo anakukumbatia kama mmezaliwa tumbo moja. Jasho lake linabaki kwenye shati lako mpaka kesho yake. Bi Sikudhani alipita katikati yetu na beseni la kachori, akikanyaga vidole vya watu na kuwatukana wao kwa kuwa na vidole. Tulikuwa na furaha, sikatai, lakini ilikuwa furaha isiyo na mpangilio.

Nafasi ya katikati kwenye benchi la katikati ilikuwa ya kaka yake, Fundi Hamduni. Huyu alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, na alichomelea miaka mingi bila miwani mpaka ule mwanga ukamla macho yote mawili. Tulidhani mpira ndiyo basi tena. Jumamosi iliyofuata akaja kibandani akiushika ukuta, akalipa kiingilio kama wengine, akakaa. Jirani yake kwa wema akaanza kumsimulia mchezo. Hamduni akamwambia afunge mdomo, anamzibia mpira.

Kumbe alikuwa anatazama mpira kwa kututumia sisi. Watu wa upande wa kushoto wakiacha kutafuna, mpira uko winga ya kushoto. Benchi likilia, makalio yameinuka, mpira unakaribia boksi. Pumzi zikikatika zote kwa pamoja, shuti limepigwa, na hapo anasubiri kusikia limeingia, limepaa, au limegonga mtambaa wa panya. Hiyo ya mtambaa wa panya aliipenda kuliko zote. Alisema ina uchungu mtamu. Halafu alikuwa mbishi balaa. Aligombana na wenye macho juu ya kuotea, mara nyingi aliyekosea akiwa yeye, na hakukubali hata siku moja.

Nyumbani alikuwa mtu mkavu, haongei, anashinda uani akipapasa vyuma vyake vya zamani. Bi Sikudhani aliniambia kwamba kaka yake alikuwa kipofu wiki nzima, anapata nafuu Jumamosi.

Basi maendeleo yakaja. Waziri wa Michezo na Utulivu, Mheshimiwa Profesa Injinia Mbwembwe, aliitisha mkutano uwanja wa taifa, akatuweka kwenye nyasi kwa kuwa uwanja huo haukuwa na kazi tena. Alitangaza kwamba michezo yote ya nchi, ikiwemo ya watoto wa shule na mbio za magunia, imekabidhiwa kwa kampuni moja ya kurusha picha kwenye simu iitwayo Kiganjani. Kampuni hiyo ilikuwa ya kigeni kwa mtaji na ya kizalendo kwa shemeji wa Waziri. Kuanzia siku hiyo kila raia angetazama mpira kwenye simu yake, mkononi mwake, peke yake.

"Ndugu wananchi," alisema, "watu sabini wakitazama picha moja, mtazamaji ni mmoja. Hao waliobaki tuwaiteje? Mimi ni msomi, naona haya kutaja neno. Serikali yenu inawapenda, haitaki kuwaita wezi. Inataka kila mwizi awe mteja."

Tulipiga makofi mpaka mikono ikawasha. Akaendelea kueleza kwamba kukumbatiana na watu usiowajua kunaleta upele na mawazo, na hilo la mawazo akalirudia mara kadhaa, akitutazama. Kisha akatangaza vifurushi. Cha kwanza kiliitwa Dhahabu, na kilikuwa cha watu wa Kilima cha Wateule, wale wanaoishi juu yetu na maji yao machafu yanateremka kwetu. Cha pili kiliitwa Fedha, cha watumishi wa serikali na wenye maduka. Cha tatu kilikuwa chetu, nacho kiliitwa Bati, jina ambalo Waziri alisema lilichaguliwa kwa heshima ya mapaa yetu.

Wiki hiyohiyo maafisa walikuja kukifunga kibanda. Walileta mnyororo na kufuli lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Mlango ule alikuwa ameuchomelea Hamduni mwenyewe enzi za macho yake, na afisa mmoja aliugonga kwa ngumi, akamsifu kwa kazi imara. Hamduni alikuwa amesimama palepale. Aliuliza kama wanafungua au wanafunga.

Msiniambie habari za redio. Redio nayo iliuzwa sauti. Mtangazaji aliruhusiwa kusema kwamba mchezo unaendelea, kwamba hali ya hewa si mbaya, na kwamba wachezaji wote wamevaa. Zaidi ya hapo alikuwa anapiga taarabu.

Hazikupita Jumamosi nyingi ikajitokeza dosari ndogo, ambayo Wizara iliita fursa. Picha ya Dhahabu ilifika papo hapo. Ya Fedha ilichelewa kidogo, muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Ya Bati ilichelewa muda wa kumimina chai, kuitia sukari na kugundua sukari imezidi. Kwa hiyo goli lilikuwa linateremka mlima. Kwanza makelele kule juu, halafu ukimya, halafu makelele kwenye maduka, halafu sisi tumekodoa macho kwenye simu tukimtazama kipa wetu anaruka kwa matumaini kuokoa mpira ambao kilimani wameshaulilia na kufuta machozi.

Watu wakalalamika. Walisema wamelipia mubashara wakapewa makombo. Wizara haikukaa kimya. Iliunda kamati ya lugha, kamati ikakaa hotelini ufukweni, ikala, ikarudi na fasili mpya ya neno mubashara. Mubashara, kwa mujibu wa fasili hiyo, ni wakati ule ambapo picha imekufikia wewe. Basi ikaonekana kwamba hakuna aliyecheleweshwa. Kila raia alikuwa na mubashara yake binafsi, na Waziri akajisifu bungeni kwamba hakuna serikali nyingine duniani iliyowagawia watu wake wakati mwingi kiasi hicho.

Kikabaki kikwazo cha kelele. Mwalimu mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na Fedha na mkewe ana Bati, kitanda kimoja. Mwalimu akishtuka, mke anajua. Mke alivumilia mechi kadhaa, mwishowe akamhamishia jikoni na mto wake. Mambo ya namna hiyo yakawa mengi, ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Kulinda Mshangao. Sheria hiyo ilimkataza mtu yeyote kufurahi kwa picha isiyo yake. Kosa liliitwa kushangilia kabla ya wakati, na mwenye kulitenda alihesabiwa kuwa ameiba furaha ya kifurushi cha juu. Watu wa kilimani waligawiwa mito ya sponji ya kufukia uso wakati wa kushangilia. Sisi wa bondeni tuligawiwa Maafisa Mshangao, watu wa fulana za njano waliopita mlango kwa mlango wakikagua nyuso. Ukikutwa umetabasamu, unaombwa simu yako ili ilinganishwe.

Katika maendeleo yote hayo, mtu mmoja aliachwa nje, naye ni Fundi Hamduni.

Jumamosi za mwanzo alikwenda kukaa kwenye mlango wa kibanda, mgongo kwenye mnyororo. Mtaa ulikuwa kimya kuliko siku ya msiba, maana msibani watu hulia. Kila mtu alikuwa chumbani mwake na simu yake, amechomeka vile vidude masikioni. Hamduni alikaa mpaka jua likamchoka, akarudi nyumbani, hakugusa chakula.

Dada yake alimnunulia Bati, akamwekea simu sikioni. Hapo ndipo tulipojua jambo ambalo wenye macho hatukuwa tumeling'amua. Kwa kuwa watu wote walikuwa majumbani, viwanja vilikuwa vitupu, na kampuni ya Kiganjani ilikuwa imeweka kelele za mashabiki zilizorekodiwa zamani, zilezile kwa kila mechi. Hamduni alisikiliza kidogo, akairudisha simu.

"Hawa watu hawapo," alisema.

Bi Sikudhani akanifuata dukani kwangu, ninapouza vocha na betri. Ni mwanamke wa maneno mengi, lakini siku ile aliongea kidogo. Alisema kaka yake anapofuka upya. Haombi kupelekwa popote, vyuma vyake havipapasi tena, anamwuliza asubuhi kama ni asubuhi. Alisema mara ya kwanza ilikuwa kazi ya Mungu na uzembe wa miwani, akanyamaza, lakini hii ya pili hawezi kunyamaza. Nilimshauri awe na imani na serikali. Aliniangalia vibaya, akaondoka.

Kumbe alikuwa na lake. Wiki iliyofuata, nje ya kibanda kilichofungwa, alianzisha huduma ya kuchaji simu. Alitoa mabenchi mengine uani, akayapanga mbele ya mlango, akavuta waya, akaweka vitundu vya umeme. Kuchaji simu hakukuwa kosa. Wala hakuna sheria iliyosema mtu asikae jirani na simu yake inapochajiwa, wala asiitazame wakati huo, wala asivitoe vile vidude masikioni kama sikio linamwasha. Na kama ilitokea kwamba simu za mtaa mzima zinaishiwa chaji Jumamosi jioni, hiyo ilikuwa bahati tu. Hamduni alikuja akakaa katikati.

Mwanzoni alilalamika sana. Bati yenyewe haikuwa moja, maana kila simu ilipokea picha kwa umri na afya yake, kwa hiyo mmoja alivuta pumzi wakati mwenzake anaitoa, na wa mwisho alilaani nafasi ambayo wengine wameshaisamehe. Hamduni alisema huu ni mpira wa vichaa. Lakini alirudi, na akarudi tena. Polepole akajua simu ya nani inatangulia na ya nani inajikokota, akatupanga kichwani mwake. Nilimwona siku moja anabishana juu ya kuotea, mishipa imemtoka shingoni, amekosea kabisa, na dada yake amesimama nyuma na beseni la kachori, analia na kucheka.

Ikafika nusu fainali ya Kombe la Majirani. Tulicheza na nchi ambayo nayo siitaji, wenyewe wanajijua. Mchezo ulikuwa bila kwa bila na jua linazama. Afisa Mshangao wa mtaa wetu, kijana mmoja mpole aitwaye Lubuva, alisimama pembeni akitukagua nyuso, na hakuwa na haja, kwa sababu nyuso zetu zote zilikuwa na hofu. Kwenye simu yangu kipa wetu alikuwa anaweka mpira chini apige goli kiki, bila haraka, akimtafuta mtu wa kumpa.

Kule kilimani walikuwa na mito yao, na nadhani waliitumia vizuri, kwa maana mimi sikusikia sauti ya mtu. Ila mbwa wa kilimani hawakuwa wamegawiwa mito. Waliona mabwana zao wanaruka na kujifukia nyuso, wakabweka, kwanza mmoja, halafu kilima kizima.

Hamduni akasimama. "Goli," alisema. Hakupiga kelele, alisema kama mtu anayetaja jina la mwanawe. "Goli letu."

Hakuna aliyetazama simu kuhakikisha. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Kwenye simu zetu mpira ulikuwa bado uko kwa kipa, na sisi tulimwamini kipofu. Tuliruka wote kwa mara moja, mtaa mzima, kwa pumzi moja, tukakumbatiana na yeyote aliyekuwa karibu, benchi likavunjika, kachori zikamwagika. Lubuva alimkumbatia Bi Sikudhani, akamnyanyua, akamzungusha. Simu zilikuwa zimeanguka chini, zimelala chali mavumbini, na baadaye goli lilifika kwenye kila moja kwa wakati wake, wachezaji wadogo wakashangilia humo ndani, hakuna aliyewatazama.

Kisha Lubuva akakumbuka kazi. Alimteremsha Bi Sikudhani taratibu, akavuta fulana yake ikae sawa, akamkamata Hamduni kwa kuona goli kabla ya taifa.

Siku ya kesi, asubuhi, Bi Sikudhani alimpelekea uji mahabusu. Nilikwenda naye kubeba chupa. Alikuwa ameambiwa na wakili kwamba jambo ni jepesi, linahitaji neno moja tu, na alilirudia neno hilo njia nzima.

"Sema hukuona, kaka," alimwambia. "Hata si uongo. Macho huna, kila mtu anajua huna."

Hamduni alikuwa anapuliza uji. "Nikisema sikuona, pale kibandani miaka yote nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nimewekwa benchini kama gunia?"

"Mimi nataka urudi nyumbani."

"Nyumbani nikafanye nini, Siku?"

Bi Sikudhani alimfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, tukaondoka.

Hakimu alikuwa mama mmoja mstaarabu, Bi Mwajabu, na kusema kweli alitaka kumwachia. Wakili wa utetezi alieleza kwamba mteja wake ni kipofu, na kipofu hatazami. Mwendesha mashtaka alisimama, akajishika koti, akasema hapo ndipo penye hatari yenyewe. Ikiwa wasioona wataruhusiwa kuona bila kifurushi, alisema, kesho wenye macho nao watafumba. Akaisomea mahakama fasili, maana Wizara haikukosa fasili, kwamba kutazama ni kujua kilichotokea. Hamduni alijua. Kwa hiyo alitazama. Kwa kuwa picha ya mtaa wake ilikuwa haijafika, alitazama ya wengine.

Hakimu Mwajabu alivua miwani. Saa ya chakula cha mchana ilikuwa imekaribia.

"Mzee wangu," alisema, "mahakama hii haina ugomvi na wewe. Nakuuliza, unijibu kwa ufupi, uende zako nyumbani na dada yako. Uliliona hilo goli?"

Bi Sikudhani alikuwa amenishika mkono, kucha zikaniingia. Midomo yake ilikuwa inatamka lile neno.

"Nililiona, mheshimiwa," alisema Hamduni. "La kichwa. Krosi ilitoka kulia."

Mwendesha mashtaka alifungua simu yake, akatafuta, akatangaza kwa heshima zote kwamba goli lilikuwa la mguu.

"Basi ninyi hamkuliona," alisema Hamduni.

Watu walicheka, hata karani. Hakimu hakucheka. Alimtazama mzee yule kwa muda, nadhani kwa huruma, halafu akavaa miwani, akafanya kazi yake. Alisema umri wa mshtakiwa haumruhusu kumpeleka jela. Lakini sheria inaagiza kwamba kifaa kilichotumika kutenda kosa kitaifishwe, na ushahidi umeonyesha kwamba kifaa hicho ni masikio mawili. Kwa kuwa ghala la serikali halina mahali pa kuhifadhia masikio, yataendelea kukaa kwa mshtakiwa. Ila kila siku ya mechi yatazibwa kwa pamba, pamba hiyo ikiwa ni gharama ya familia, chini ya usimamizi wa Afisa Mshangao. Kutia pamba masikioni ni maneno tuliyokuwa tunayasema kwetu kuhusu viongozi. Hatukujua kwamba siku moja ingekuwa hukumu ya raia.

Likabaki swali moja, nalo aliliuliza Bi Sikudhani akiwa amesimama bila kuruhusiwa. Aliuliza kama mechi ikiisha anaweza kumwambia kaka yake matokeo. Hakimu alimwomba mwendesha mashtaka aelekeze mahakama. Mwendesha mashtaka alisema kwa masikitiko kwamba haiwezekani. Mubashara ni wakati picha inapokufikia, na mshtakiwa hana picha itakayomfikia. Mubashara yake haitakuja. Kwa hiyo kumwambia leo, kesho au mwakani ni kumwambia kabla ya wakati, na atakayemwambia atashitakiwa. Bi Sikudhani akauliza kama anaweza kumnunulia Dhahabu, atauza hata mabati ya kibanda. Akajibiwa kwamba kampuni ya Kiganjani ni kampuni yenye maadili, haiwezi kumuuzia picha mtu asiyeona.

Magazeti ya serikali yaliisifu hukumu hiyo kwa kumjali mlemavu.

Fainali ilichezwa Jumapili alasiri. Lubuva alifika mapema na pamba yake mwenyewe, alisema ya familia ni nyepesi na yeye hataki lawama. Alimziba Hamduni sikio moja, akamwomba radhi kwenye sikio lililobaki, akaliziba na hilo. Mabenchi yalikuwa yamepigwa marufuku baada ya kugundulika kwamba yanapitisha habari, kwa hiyo kila mmoja alikuja na kiti chake cha plastiki, akakaa mbali na mwenzake. Vile vidude masikioni vilikuwa lazima. Mbwa wa kilimani walifungiwa ndani.

Hamduni alikaa katikati kwa mazoea. Alikuwa amevaa jezi ya Kobe Stars, ya zamani, iliyotobolewa na cheche za kuchomelea. Mikono aliiweka magotini na uso ameuinua, anauelekeza huku na huku, akitutafuta. Kwa kuwa alikuwa haisikii sauti yake mwenyewe, alipozungumza alizungumza kwa sauti kubwa mno, na mtaa mzima ulishtuka.

"Wameanza?"

Hakuna aliyejibu. Walikuwa wameanza zamani.

"Siku, upo?"

Bi Sikudhani alikuwa kwenye kiti cha jirani, simu mkononi, amekodolewa macho na Lubuva. Alijikohoza, kisha akakumbuka kwamba kikohozi hakitafika. Alinyoosha mkono amguse goti, Lubuva akatikisa kidole. Kugusana kulikuwa na kifungu chake.

Mchezo ulikwenda hivyo. Na mwishoni, nikiwa nimeshakata tamaa, kwenye simu yangu winga wetu alimtoka mtu, akaingia ndani, akapiga, na mpira ukalala wavuni. Tulikuwa mabingwa. Nchi yetu ilikuwa haijawahi kuwa bingwa wa kitu chochote tangu izaliwe. Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu. Mbele yangu Bi Sikudhani naye alikuwa ameshaliona, nilijua kwa jinsi mabega yake yalivyopanda na kubaki huko juu.

"Wamefunga?" aliuliza Hamduni.

Lubuva hakuwa na simu, maafisa hawaruhusiwi, na yeye mwenyewe hakujua kitu. Alikuwa anatutazama nyuso kwa njaa, akisahau kabisa kuzikagua. Bi Sikudhani alimtazama afisa, akamtazama kaka yake, akafungua mdomo. Nilimwona ameufungua. Halafu nadhani aliiona mahakama, na mnyororo wa kibanda, na nani atakayempikia huyu mtu uji akiwa yeye yuko ndani, akaufunga. Akamgeukia Hamduni usoni kabisa, akamwitikia kwa kichwa.

Lubuva alikunja uso, akawaza vifungu vyote, na kichwa hakikuwa kimetajwa. Akaacha. Basi picha ilipomfikia mke wa mwalimu, naye akamgeukia Hamduni, akaitikia kwa kichwa. Akafuata jirani yake, kisha mwingine, kila mtu kwa mubashara yake, mpaka mtaa mzima tukawa tunamwitikia kipofu kwa vichwa, kimya kimya, wengine machozi yanawatiririka. Na mimi niliitikia. Nilisikia uchungu kifuani ambao sina hakika kama umeruhusiwa.

Hamduni alisubiri, uso wake bado unatutafuta. Akadhani hatujamsikia, akauliza tena kwa sauti kubwa zaidi.